Pilipili inaelea juu ya jina la chakula: kunyoosha buleti za picha kwenye Word

Dada mmoja mwenye mgahawa Morogoro ameuliza hivi: anatengeneza menyu yake kwenye Word, badala ya kidoti cheusi ameweka kapicha ka pilipili mbele ya kila chakula. Picha imeingia bila shida ila haikai sawa na maandishi, inaelea juu, na alipoikuza ionekane vizuri ndo mambo yakaharibika kabisa, jina la chakula likaruka mbali huko na mstari wa pili ukabaki nyuma. Amebonyeza spesi, amevuta rula, wapi. Anauliza kama kuna kitufe cha kuishusha hiyo picha au ndo arudi tu kwenye vidoti.

Dada pole na kazi. Usirudi kwenye vidoti, menyu yenye pilipili inavutia bwana. Mi huu mwaka wa kumi na moja niko steshenari, napiga kadi za michango, ratiba za harusi, CV, menyu, na hiyo shida yako naijua kwa sura. Kitufe kipo, wamekificha mahali ambapo hata ukipewa siku nzima hukioni, nitakuonyesha. Ila siku hizi hata sikitumii sana kwa sababu mara nyingi tatizo liko kwenye picha yenyewe wala sio kwenye Word, kwa hiyo tuanze na picha.

Iko hivi. We ukiangalia unaona pilipili, Word inaona herufi. Buleti ya picha inasimama kwenye mstari uleule zinaposimama herufi, ule mstari wa daftari la darasa la kwanza, a na m na W zote zimekanyaga pale na zile kama g na y ndo zinaning'iniza mkia chini. Picha haina mkia, inakanyaga mstari na kupanda juu tu. Na inapanda kiasi gani? Kwa saizi ya fonti. Menyu yako tuseme iko pointi 12, basi pilipili nayo inapewa urefu wa kama pointi 12. Sasa watu wengi wanadhani fonti ya 12 maana yake herufi ina urefu wa pointi 12, sio kweli, hiyo 12 imehesabu na nafasi ya mikia chini na nafasi ya juu. Kwenye Calibri ya 12 herufi kubwa kama W ina urefu wa karibu pointi 8, na zile ndogo kama a na n hazifiki hata 6. Kwa hiyo pilipili yako imezizidi urefu herufi zote za jirani, katikati yake iko pointi 6 juu ya mstari wakati katikati ya herufi ndogo ni kama pointi 3. Hapo pametofautiana pointi 3, ambayo kwenye karatasi ni milimita 1 tu, lakini jicho la mtu halisamehi hiyo milimita, hasa ikijirudia mara ishirini ukurasa mzima.

Afu kuna la pili, na hili ndo nalikuta kwenye picha nyingi za kudownload: ukingo mtupu. Picha ina piksel 600 kwa 600 ila pilipili yenyewe haijajaza hiyo nafasi, chini kumebaki uwazi wa piksel kama 120 hivi, huuoni kwa sababu ni mweupe au hauna rangi kabisa. Word haijui kwamba ule ni uwazi, inausimamisha ule uwazi kwenye mstari na pilipili inakaa juu yake. Piksel 120 kati ya 600 ni moja ya tano, kwenye buleti ya pointi 12 hiyo ni pointi 2.4 za hewa chini ya pilipili. Jumlisha na zile za mwanzo ndo unapata hiyo pilipili yako inayoelea. Na ukiikuza ifike 24 ile hewa nayo inakua, inakuwa karibu pointi 5, ndo maana ulivyoikuza ikazidi kupanda.

Kwa hiyo dawa yangu ni kutumia huohuo ujinga wa Word kwa faida yako: kata uwazi wote wa chini, afu ongeza uwazi juu. Unataka picha ya mraba, tuseme 600 kwa 600, pilipili iwe na urefu wa 400 na iwe imekalia kabisa ukingo wa chini, zile 200 za juu ziwe tupu. Ukiiweka kama buleti kwenye fonti ya 12, mraba mzima unapata pointi 12, pilipili inapata thuluthi mbili yake, yaani pointi 8, ambao ni urefu wa herufi kubwa. Umeona sasa? Pilipili inasimama pembeni ya W ya Wali kama herufi kubwa mwenzake, wala hujagusa mpangilio wowote. Na uzuri wake faili hilo ukilifungua kwenye kompyuta ya mtu mwingine linabaki vilevile, maana marekebisho yako ndani ya picha.

Kufanya hivyo mi natumia GIMP, ni programu ya kuhariri picha, ya bure. Fungua picha, kwenye menyu ya Image kuna "Crop to Content", hiyo inakata uwazi pande zote kwa mpigo mmoja. Kisha "Scale Image" uweke urefu 400. Kisha "Canvas Size", fungua kale kamnyororo ili urefu na upana visifungane, andika 600 na 600, kwenye offset (yaani picha isogezwe kiasi gani) ya Y, ya juu kwenda chini, andika 200, ya X, ya pembeni, gawanya ili ikae katikati, halafu Export kama PNG. Pilipili yako kama imelala chali, yaani ndefu ya kwenda pembeni, izungushe kwanza isimame au iwe ya mshazari, ikilala itakuwa nyembamba mno, haitaonekana. Paint ya Windows nayo inakata, ila zile Paint za zamani zinajaza weupe nyuma ya picha, kwenye karatasi nyeupe haina neno ila ukiweka rangi ya kurasa kila pilipili inatokea na kisanduku cheupe, mbaya sana.

Kingine kuhusu hiyo picha, iwe rahisi. Pointi 8 ni chini ya milimita 3. Printa ya nukta 300 kwa inchi inaupa mraba mzima wa pointi 12 nukta 50 tu kwa 50, kwa hiyo ile pilipili yenye kivuli na mng'ao na tone la maji inaishia kuwa doa jekundu. Chukua yenye umbo la wazi, mwili mwekundu na kikonyo cha kijani, basi.

Kuiingiza nadhani unajua, ila kwa uhakika: chagua orodha nzima, Home, bonyeza kale kamshale pembeni ya kitufe cha Bullets, "Define New Bullet", "Picture", leta faili lako, OK.

Sasa kama unataka pilipili kubwa kuliko maandishi, na naona ndo unachotaka, huo ujanja wa picha hautoshi, hapo ndo kinakuja kile kitufe. Kwanza namna ya kukuza. Bofya mara moja juu ya buleti yenyewe, sio maandishi, utaona buleti zote za ngazi hiyo zimeingia kivuli na maandishi hayajachaguliwa. Hapohapo badilisha saizi ya fonti juu, weka tuseme 20, pilipili zote zinakua na maandishi yanabaki 12. Ukiona pilipili moja ni kubwa na wenzake wadogo, jua kuna alama ya mwisho wa paragrafu imebeba saizi yake. Bonyeza Ctrl na Shift na 8 utaziona zile alama zinazofanana na P iliyogeuka, buleti inafuata saizi ya hiyo alama kama hujaipa yake, kwa hiyo chagua hiyo alama peke yake uirudishe iwe sawa na nyingine.

Sasa kitufe. Kinaitwa "Text alignment" na kiko kwenye dirisha la Paragraph, ila kwenye Word ya kawaida hukioni kwa sababu wamekiweka kwenye tabo ya "Asian Typography", na hiyo tabo haitokei mpaka Word yako iwe na lugha kama Kijapani, Kichina au Kikorea. Ndiyo dada, ili pilipili ya Morogoro ikae sawa inabidi uiambie Word unaandika Kijapani. Mi nilivyoambiwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa.

Nenda File, Options, Language, kwenye lugha za kuandikia bonyeza kuongeza lugha, chagua Japanese, OK, funga Word yote na uifungue upya. Lugha ya menyu haibadiliki usiogope, hii ni lugha ya kuandikia tu. Ukirudi, chagua orodha yako, raiti-kliki, Paragraph, sasa utaona tabo ya tatu imeota. Ifungue, chini kwenye "Text alignment" patakuwa pameandikwa Auto, badilisha iwe Center. Kinachotokea ni kwamba Word inaacha kusimamisha kila kitu kwenye mstari wa chini, inapanga pilipili na maandishi katikati kwa katikati. Buleti ya 20 na maandishi ya 12, jina la chakula linapanda lenyewe mpaka usawa wa tumbo la pilipili. Na mpangilio huo unahifadhiwa ndani ya faili, kwa hiyo mtu wa steshenari asiye na Kijapani akilifungua kwenye Word yake analiona sawa.

Ila angalizo: ukitumia Center, usitumie ile picha yangu ya uwazi juu. Kwa Center unataka picha iliyokatwa pande zote sawasawa, maana inapima katikati ya picha nzima pamoja na hewa. Chagua njia moja. Kama pilipili ni saizi ya herufi, tumia picha yenye hewa juu. Kama ni kubwa, kata hewa yote na uweke Center. Wakichanganya ndo watu wanarudi kwangu wanasema dawa haijafanya kazi.

Mtu asiyetaka habari za Kijapani ana njia moja ya panya, badala ya kushusha picha anapandisha maandishi. Unachagua maneno ya kipengele bila ile alama ya mwisho wa paragrafu, Ctrl na D, tabo ya Advanced, kwenye Position unaweka Raised na pointi 2 au 3. Inafanya kazi kwa vipengele vya mstari mmoja. Siipendi, ukiongeza chakula kipya unasahau kukipandisha na orodha inakuwa kama meno yaliyong'oka.

Sasa ule mruko, jina kuruka mbali na mstari wa pili kubaki nyuma. Hilo ni jambo lingine kabisa, ni la upana. Word kwa kawaida inaweka buleti kwenye robo inchi na maandishi kwenye nusu inchi, katikati yao pana robo inchi, ambayo ni pointi 18. Kidoti kinaenea hapo na nafasi inabaki, pilipili ya pointi 12 nayo inaenea. We tuseme umeikuza ikafika 24, haienei tena, imepita mahali maandishi yanapotakiwa kuanza. Na kati ya buleti na neno kuna tabo iliyojificha, sio zile tabo za dirisha, ni ile nafasi ya kitufe cha Tab, tabo hiyo ikikuta mahali pake pameshapitwa inaruka mpaka kituo kinachofuata, ambacho kiko inchi 1. Mstari wa pili wa maelezo wenyewe hauna buleti, unaanza kwenye nusu inchi kama kawaida. Ndo hiyo ngazi uliyoiona. Na spesi hazikusaidii kwa sababu zinakaa baada ya tabo, unazidi kulisukuma neno mbele.

Raiti-kliki juu ya buleti, "Adjust List Indents". Kuna "Bullet position", hiyo iache. Kuna "Text indent", hiyo ndo unaikuza. Hesabu yake ni rahisi, mahali buleti inapoanza jumlisha upana wa picha jumlisha nafasi kidogo ya kupumua: 18 na 24 na 6, jumla 48. Andika hivyohivyo 48 pt, au 1.7 cm, Word inakubali hata kama kompyuta yako imewekwa kwa inchi, we andika tu na kipimo chake. Mstari wa kwanza na wa pili vitakutana. Hapohapo kuna "Follow number with", iwe Tab character, ukiweka Space hutapata tena usawa kwenye mistari ya chini. Rula achana nayo kwa kazi hii, ukiivuta inabadilisha paragrafu ulizochagua tu, kesho unashangaa chapati ziko kulia kuliko maandazi.

Kuna hatari moja nataka uiepuke kwa sababu mimi ilinigharimu. Nilitengeneza ratiba ya harusi yenye buleti za pete mbili, nikazikuza, nikaona mistari ya kwanza imekuwa minene kuliko mingine maana picha ikiwa ndefu inausukuma mstari wake, nikasema ngoja niibane, nikaweka line spacing, yaani nafasi ya mistari, "Exactly" pointi 12. Mistari ikawa sawa kweli. Nikaprinti nakala 150 bila kuangalia vizuri, kuja kutazama pete zote zimekatwa vichwa, zimebaki vikombe. Exactly haijali picha ina urefu gani, inayozidi inaikata. Nililipia karatasi mwenyewe, na wino wa rangi. Kwa hiyo kama mistari haikupendezi, ama uache Single au "At least", ama kama unaitaka Exactly basi weka namba kubwa kuliko picha, buleti ya 16 weka Exactly 20, mistari yote inalingana na hakuna kinachokatwa.

Ukishapata vinavyokuridhisha vifungie kwenye staili, ile inayoitwa List Bullet. Weka kishale kwenye kipengele kilichokaa vizuri, raiti-kliki jina la List Bullet kwenye orodha ya staili, chagua ile ya kuifananisha na ulichochagua, kisha vyakula vyote vipe staili hiyo. Bei zikipanda mwezi ujao ukaongeza vyakula vipya huanzi upya.

Kama kuna siku utatumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia kama Word, kule hii kazi ni nyepesi mpaka inaudhi. Format, Bullets and Numbering, tabo ya Customize, aina ya buleti unachagua Image, unapewa upana na urefu wa picha uandike mwenyewe, na chini yake kuna Alignment inayokuuliza kabisa unataka katikati ya herufi, katikati ya mstari, au juu, au chini. Hakuna Kijapani wala nini. Google Docs ndo hapana, buleti za picha haina, utapata alama na emoji tu kupitia "More bullets", japo pilipili ya emoji ipo na inapendeza, na kwa sababu ni herufi ya kweli inakaa kwenye mstari bila ugomvi mwingi.

Ukienda kuprinti peleka PDF, usipeleke faili la Word. Steshenari nyingi tunafungua kwa programu yoyote iliyopo, na fonti yako ikikosekana Word inaweka nyingine yenye herufi za urefu tofauti, ule usawa wote ulioutafuta unapotea. Na mwambie akutolee nakala moja kwanza.

Jambo la mwisho, hukuuliza ila naona limenikaa. Umesema pilipili umeiweka mbele ya kila chakula. Mteja akiona pilipili mbele ya uji na chai ya maziwa atajua ni vikali, menyu nyingi zinatumia hiyo alama kumwonya mtu. Pilipili waachie pilau ya kuwasha, kuku wa kukaanga, mishkaki, na hivyo vingine wape jani au kijiko. Shika Ctrl uchague vipengele hivyo kimoja kimoja, uwape buleti ya pili. Word itaifanya ni orodha mpya na kuirudishia vipimo vyake vya robo na nusu inchi, kwa hiyo ingia tena Adjust List Indents uandike zilezile 18 na 48, na hilo jani lazima nalo liwe limetengenezwa kwa njia ileile uliyotumia kwa pilipili, la sivyo jani litakaa chini na pilipili juu na utaniandikia tena.